Wembe wa Mtu Mwingine

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni kinyozi mstaafu ambaye siku hizi hufufua nyembe kuukuu.

Shikamoo Mzee. Nimenunua wembe wa kukunja uliokwishatumika, ule wa kizamani wenye mpini mweusi. Kwenye shina umechapwa maneno "Sheffield, England". Aliyeniuzia anasema ulikuwa wa babu yake, na kwamba ameshaunoa, kilichobaki ni kunyoa tu. Nimeufuta kwa pamba yenye spiriti mara mbili, mbele na nyuma, ukang'aa. Lakini kila nikiusogeza shavuni mkono unasita. Nawaza ndevu za watu nisiowajua. Je, nimeutakasa vya kutosha au ni woga wangu tu? (Mkono Unaosita)

Marahaba, mwanangu. Mkono wako una akili kuliko aliyekuuzia. Weka huo wembe chini kwanza, tuzungumze.

Pamba yako imefuta bapa, na bapa silo lenye matatizo; tatizo ni kiungo, pale chuma kinapokutana na mpini. Halafu spiriti ikipakwa juu ya chuma kikavu huruka hewani kabla hujahesabu hadi ishirini. Dawa ya kuua vijidudu inataka mambo mawili: ivifikie, kisha ikae navyo kwa muda. Yako imekosa yote mawili.

Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kukosea karibu vilevile. Nilipokuwa kijana najifunza kazi nilipata wembe mmoja mzuri, mpana, mgongo umechongwa nakshi. Nikauzamisha mzima mzima kwenye glasi ya spiriti usiku kucha. Asubuhi ulikuwa safi kama mwezi, nikaunyolea wiki tatu. Shingo ikaanza kutoa vijipu, leo viwili, kesho vitatu. Nikalaumu sabuni, nikalaumu maji, nikalaumu hata kola ya shati. Siku nilipoamua kuubadilishia mpini nikakata pini na kuvitenganisha vibapa vyake viwili. Pale kwenye kiungo, kuizunguka pini, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilichoshikana kama nta ya masikio: sabuni iliyokauka, magamba ya ngozi, mafuta, na vinywele vifupi vyeupe. Mimi wakati ule sikuwa na unywele mweupe hata mmoja.

Siwezi kuapa kwamba vijipu vilitoka pale. Ila kila nilipousuuza ule wembe maji yaliingia kwenye kiungo, yakatoka, yakateremka hadi kwenye makali. Na nilipousafisha, vijipu vilikoma.

Tangu siku hiyo nina sharti moja nisilolivunja: wembe wa mtu mwingine huoshwa kwanza, ndipo utiwe dawa. Kijidudu kilichojificha chini ya sabuni ngumu au damu kavu kimejifunika blanketi. Tena spiriti ina tabia ya kugandisha damu, kwa hiyo ukiimwaga juu ya damu kavu kabla ya kuosha, damu huzidi kushikamana na chuma badala ya kutoka. Ukianza na dawa umejiongezea kazi.

Basi fanya hivi. Vaa glavu. Tengeneza maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chukua mswaki wa zamani ulio laini. Laza bapa mezani, sugua kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali na kupitiliza nje, kisha inua mkono, urudi mgongoni uanze upya. Usisugue kwa kwenda na kurudi. Ukirudi nyuma makali yanaunyoa mswaki, na kidole kiko jirani.

Kiungo ndicho chenye kazi. Kama una tupa ndogo na subira, saga kichwa cha pini mpaka kiishe, isukume itoke, chuma kiachane na mpini. Itabidi utafute pini mpya na vijisahani vyake vya kuirudishia, na mara ya kwanza utaipinda, usijali, wote tumezipinda. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, usijifunzie kwenye wembe huu. Chukua bomba la sindano bila sindano yake, puliza maji ya sabuni ndani ya kiungo huku ukiukunjua na kuukunja wembe. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno katikati ya chuma na mpini, uvute huku na huku kama msumeno. Utazame uzi. Ukitoka na rangi ya kahawia, rudia. Kuna wembe niliurudia mara 11, na mara ya 11 nilikuwa nimeshaanza kuutukana.

Suuza, kausha, ndipo ulete spiriti. Tafuta ya asilimia 70. Watu wengi hukimbilia ile ya 95 wakidhani iliyo kali ndiyo dawa zaidi, kumbe maji yaliyomo kwenye ile ya 70 yanaisaidia kupenya kijidudu na kuichelewesha isikauke. Imimine kwenye chombo cha kioo kirefu na chembamba, tumbukiza chuma chote hadi kiungo kizame, kikunje na kukikunjua humo humo ndani, kisha kiache dakika 10. Tazama saa, usikisie. Na pasiwe na moto karibu.

Sasa hilo neno "ameshaunoa". Watu wengi huliona kama hati ya usafi, mimi naliona kinyume chake. Kunolewa maana yake umegusana na kinoo chake, na mkanda wake wa ngozi, na vidole vyake, pengine na shavu lake alipokuwa akijaribu makali. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, ndani ya tone la damu ambalo jicho halilioni. Vya aina ya C vimeonekana kudumu hadi wiki 6. Miaka mingi ndani ya droo havifiki. Kwa hiyo usimwogope babu wa watu. Mwogope mjukuu aliyeunoa juzi.

Kwa kuwa umenitajia maandishi, nikupe na hili. Marekani ilipitisha sheria ya forodha mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na kuanzia 1891 watengenezaji wa Sheffield wakawa wanaongeza "England" kwenye mashina ya nyembe zao. Wako basi yaelekea ni wa baada ya hapo. Haikusaidii kunyoa, lakini ni vizuri ujue umri wa mgeni wako.

Shikamoo Babu. Nilimnunulia mume wangu wembe wa zamani, nikauchemsha kama tulivyozoea kuchemsha vitu vya mtoto. Dakika kumi tu. Nilipoutoa, mpini umejikunja kama jani kavu na chumba kizima kinanuka kafuri. Je, na chuma chenyewe kimekufa? Sijamwambia. (Mke Mwenye Siri)

Marahaba, mjukuu wangu. Chuma ki hai. Kilichokufa ni seluloidi, ile plastiki ya mwanzo mwanzo kabisa, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganywa na kafuri. Ndiyo harufu uliyoisikia. Maji hayahitaji hata kuchemka ili iwe laini. Tena shukuru ulitumia maji, kwa sababu seluloidi ikipata moto huwaka kwa pupa. Pembe ya ng'ombe nayo hupinda ikichemshwa, pembe ya ndovu hupasuka, mbao huvimba. Mpini hauchemshwi, uwe wa kitu gani.

Chuma peke yake, kikishatolewa kwenye mpini, chemsha bila wasiwasi. Ugumu wa wembe hutokana na joto ambalo fundi alilipima alipokuwa akiutengeneza, nalo ni la juu kuliko nyuzi 100 za maji yanayochemka. Uhesabu dakika 20 tangu maji yaanze kuruka, si tangu uwashe moto. Utoe kwa koleo ukiwa wa moto, ufute mara moja; joto lililobaki litamalizia unyevu kabla kutu haijapata nafasi. Kuchemsha kuna faida moja juu ya spiriti: virusi vinavyoleta chunjua havishtuki sana vikitiwa spiriti. Kama aliyekuwa na wembe alikuwa na chunjua kidevuni, mimi nachemsha.

Lakini asije mtu akakwambia upitishe makali kwenye mwali wa moto. Chuma kikifika karibu na nyuzi 300 hugeuka rangi ya buluu, na makali ya wembe ni membamba mno, hufika huko kwa kufumba na kufumbua. Buluu ikishaonekana, ugumu umeondoka pale. Hautarudi kwa kunoa.

Mwambie mumeo. Mpini mpya ni kazi ya Jumamosi moja, na huo wa zamani ulikuwa na siku zake: seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicholala ndani yake. Ukiona wembe una kutu sehemu ile tu inayofunikwa na mpini, kwingine kuzuri, mshuku mpini. Umeuondoa mapema, ndivyo utakavyomweleza.

Mzee mwenzangu, salaam. Wembe wangu una madoa ya kutu karibu na makali. Mwanangu ananitisha na pepopunda. Nimeulizia, wapo wanaosema niutie kwenye klorini iue kila kitu. Unasemaje? (Mzee wa Madoa)

Salaam, ndugu yangu. Kutu haizai pepopunda. Bakteria wake wako kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wakijifunga ndani ya ganda gumu wakisubiri jeraha lenye kina. Kutu inachofanya ni kuchimba vishimo ambamo uchafu wowote hupata makazi. Hilo ganda ni sugu, spiriti hailiwezi, na zile dakika 20 za kuchemsha hazitoshi kuaminiwa. Huuawa na mvuke wa mtambo wa hospitali, otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, chini ya mgandamizo. Nyumbani hatuna hiyo. Tulicho nacho ni chanjo, na mwanao angekuuliza ulichanjwa lini mara ya mwisho angekuwa amekusaidia zaidi kuliko kukutisha.

Klorini inaua, ndiyo. Pia inakula chuma. Niliwahi kuchukua wembe mmoja wa Solingen, Ujerumani, mwembamba kiasi kwamba ukiubonyeza kwa ukucha unaona makali yanacheza, nikauweka kwenye maji ya klorini niliyoyapima vizuri kabisa, nikikusudia dakika 10. Mtu akaniita mlangoni. Niliporudi saa nzima ilikuwa imepita. Kwa macho haukuwa na neno. Nikauweka chini ya lenzi: makali yalikuwa kama ukingo wa karatasi iliyoguguniwa na mchwa. Ninao mpaka leo, hufungulia bahasha. Na ukiwa na klorini ndani ya nyumba, isikutane na asidi ya kuondolea kutu hata tone. Gesi inayotoka huumiza mapafu.

Madoa yako yachunguze hivi. Tafuta lenzi yoyote ya kukuzia, simama penye mwanga wa dirisha, makali yaelekee juu, yakutazame moja kwa moja. Makali mazima hayaonekani. Utaona giza tu, mstari usiong'aa. Kila mahali panapometa kama nyota pana jino lililovunjika au shimo. Kutu nyekundu iliyo juu juu utaitoa kwa msasa mwembamba sana uliolowa mafuta, ukisugua kuelekea kwenye makali kama nilivyomwambia kijana hapo juu. Kama shimo limefika kwenye makali yenyewe, mnoaji atalazimika kula chuma mpaka alipite. Likiwa na kina kuliko upana wa nywele mbili tatu, wembe huo uwe wa ukutani. Chuma kilichooza hukatika vipande vidogo vidogo unaponyoa, na kila kipande kinaacha meno.

Osha na utie dawa kabla ya kunoa, usije ukaupaka uchafu kwenye kinoo, kisha uutie tena baada ya kunoa. Ukimaliza kausha, upake mafuta ya cherehani, tone moja. Mafuta ya mimea yakikaa huganda na kunata.

Mzee, mbona hukuuza ile dawa ya buluu ya vinyozi? Na sanduku la mwanga wa zambarau linalouzwa kama la kutakasia je? (Mpenda Vifaa)

Siuzi kitu, mwanangu, najibu barua. Ile ya buluu, Barbicide, ilibuniwa na Maurice King huko Marekani mwaka 1947 na inafanya kazi. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, zamisha dakika 10, badilisha maji kila siku. Tatizo ni kwamba imekuwa pambo. Nimeona magudulia yenye vinywele vinavyoogelea ndani kama samaki, na kitana kinachochovywa humo sekunde tatu kisha kinaenda kichwani. Usilaze wembe humo usiku kucha, ni chuma kwenye maji.

Sanduku la mwanga huua kile mwanga unachokiona. Ndani ya kiungo ni giza.

Shikamoo. Nimepewa wembe pamoja na mkanda wa kunolea na brashi ya povu, vyote vya mtu mmoja. Wembe nimeshajua. Hivyo vingine navitakasaje? (Mrithi)

Marahaba. Huvitakasi.

Mkanda ni ngozi, una vinyweleo, umekunywa mafuta na povu na kila kilichokuwa kwenye makali kwa miaka. Spiriti itaukausha upasuke na bado haitafika chini. Halafu fikiria mpangilio wa kazi: mkanda ndio mguso wa mwisho kabla ya uso wako. Umeosha wembe, umeuchovya, umeuchemsha, kisha unaupitisha mara 40 juu ya ngozi ya mtu mwingine. Watu makini kabisa huanguka hapo. Nunua mkanda wako, uandike jina nyuma. Kinoo cha jiwe hakina shida hiyo. Kisugue kwa sabuni na brashi, ukisawazishe uso wake kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, uso mpya utatoka.

Brashi ina historia mbaya zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na raia walipata kimeta usoni kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikutakaswa ipasavyo. Kimeta, kama pepopunda, hujifunga ganda. Sisemi yako inacho. Nasema brashi mpya ipo, na mizizi ya nywele za hiyo ya zamani, pale zinapozama kwenye kishikio, hutaiona kamwe. Kishikio kikiwa kizuri, fundi ang'oe nywele atie nyingine.

Salaam Mzee. Mimi na mdogo wangu tunanyolea wembe mmoja tulionunua kwa kuchangiana. Kila mtu anaufuta kwa spiriti akimaliza. Sote tuna vipele vya ndevu. Kosa liko wapi? (Ndugu Wawili)

Salaam, wanangu. Makosa ni mawili, na moja wala si uchafu.

Vipele, kwa ndevu zilizojiviringa kama zenu, mara nyingi ni nywele iliyokatwa chini mno ikakunja kichwa na kurudi ndani ya ngozi. Spiriti haiponyi hilo hata mkioga nayo. Nyoeni kuufuata mwelekeo wa ndevu zinavyolala, pigo moja, msivute ngozi ikakaza kama ngoma, msirudie palepale mara tatu kutafuta ulaini. Mahali penye vipele vyenye usaha pasipitishwe wembe kabisa mpaka pakauke. Na zile duara zinazowasha na kupukutisha ndevu ni jambo jingine, huwa ni choa, huo ni ugonjwa wa fangasi unaohama na kifaa. Mwenye nazo aende akaonwe.

Kosa la pili ni huo wembe mmoja. Kila kunyoa huacha mikwaruzo msiyoiona, na kufuta kwa pamba, nimeshamweleza kijana wa kwanza, ni sawa na kumpungia mgeni mkono mkadhani mmemkaribisha. Vinyozi wenyewe wameuacha mtindo huo. Wengi hutumia kishikio cha kuwekea kiwembe kipya kwa kila mteja. Na ile shabu ya kuzuia damu msichangie pia. Inakausha mkato, lakini inatembea na damu ya wote wawili.

Nunueni wa pili. Mkubwa abaki na huu kwa kuwa, kama nilivyoielewa barua, ndiye aliyetoa nyingi. Mdogo achague mpini wa rangi tofauti kabisa, ili asubuhi yenye usingizi msibadilishane.